Akina Toleya wa Munyaka na wa Moiben

Mtaa mzima wa Munyaka, hapa Eldoret, haukuwa na Toleya mwingine ila sisi. Nilipokuwa darasa la nne mwalimu aliniuliza kama babangu ni Mluhya. Nilipokwenda kuchukua kitambulisho, karani alisoma jina langu, Wacera Toleya, akalisoma tena, akataka kujua Wakikuyu wa jina hilo wanatoka pande zipi, maana yeye alizaliwa Murang'a na hajawahi kulisikia. Kanisani ndiyo kabisa. Mhubiri mgeni akiambiwa kwamba babangu, mzee wa kanisa, anaitwa Ephantus Toleya, alidhani ni jina la kazi, kwamba huyu ndiye anayewasimamia watu wakati wa kutolea sadaka.

Baba hakuwa na jibu refu. Alisema ni jina la babake, basi. Yeye mwenyewe hakulitamka kama sisi, kwa sababu ulimi wa Kikuyu hauna ile herufi ya l. Alisema Toreya, na sisi watoto tuliokulia Eldoret tulisema Toleya, na nyumba ikaenda hivyo. Babu alipozaliwa aliitwa Kiarie. Toleya alilipata ujanani, alipokuwa akifanya kazi kwenye magari ya ng'ombe ya Makaburu, wale wazungu waliotoka Afrika Kusini wakalima huku Uasin Gishu kabla ya reli kufika. Babu alikufa baba akiwa bado mdogo, akaacha wana wawili: babangu, na baba mdogo Thuo aliyebaki Molo.

Pamoja na jina aliwaachia hadithi moja fupi. Siku moja ya mvua, akisafiri na gari kutoka stesheni ya Londiani, aliteleza kwenye matope akaanguka mbele ya gurudumu. Kijana mmoja Mkalenjini akamrukia, akamshika nguo, akamvuta. Gurudumu likapita juu ya kofia yake. Baba hakulijua jina la kijana yule, lakini alimwombea kila Krismasi kabla hatujagusa chakula, na akimaliza alitukumbusha kwamba bila mtu yule hakuna hata mmoja wetu ambaye angekuwa ameketi pale mezani.

Mwaka wa themanini na tano, mwaka uliofuata ile njaa ya mahindi ya njano ya msaada, macho ya baba yaliingia ukungu. Tulikuwa na duka hapo Munyaka, mimi na yeye. Nilianza kumwona akimpa chumvi mtu aliyeomba sukari, na mtu mwenyewe akimrudishia taratibu bila kumwaibisha. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kisha ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho watakuja kwa muda katika hospitali ndogo ya misheni nje ya mji, na wazee watapasuliwa. Nilifunga duka nikampeleka.

Tulikuta watu wengi wameketi kwenye mabenchi, kila mzee na mtu wake wa kumshika mkono. Nesi, msichana mpole aliyeitwa Hellen, alitokea mlangoni akaita Mzee Toleya. Baba akasimama. Upande wa pili wa chumba mzee mwingine naye akasimama, mrefu, amevaa koti zito la kijivu, mkewe amemshika kiwiko. Wote wawili wakaelekea mlangoni, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiona vizuri, waligongana mabega.

Hellen akawaambia amemwita mtu mmoja tu. Baba akasema ndiye huyo mmoja. Yule mzee akasema hapana, ndiye yeye.

"Mimi ni Toreya, wa Munyaka," baba alisema.

"Na mimi ni Tolea, wa Moiben," yule mzee akajibu.

Hellen alizitazama kadi zake. Kweli zilikuwa mbili: Ephantus Ndungu Toleya, na Wilson Tolea, bila ile herufi ya y. Baba alisimama pale akiwa amegeuza sikio badala ya uso, kama mtu aliyesikia akiitwa kutoka mbali. Alikuwa amepita miaka sitini, na hajawahi kukutana na mtu wa jina lake asiyekuwa wa nyumba yake. Mke wa yule mzee, Mama Sarah, alinitazama nami nikamtazama.

Baba alikuwa apasuliwe jicho la kulia, Mzee Wilson la kushoto. Ili asije akawachanganya, Hellen alichukua plasta akawabandika kwenye mikono ya shati, moja ameandika Munyaka, nyingine Moiben. Toka saa hiyo manesi wote wakawaita hivyo. Munyaka, umekunywa dawa? Moiben, usijikune.

Waliwekwa vitanda vya jirani. Baada ya kupasuliwa walifungwa bandeji macho yote mawili, hata lile ambalo halijaguswa, kwa sababu daktari hakutaka waangaze huku na huku. Kwa hiyo walilala chali, na kazi iliyobaki ikawa kuongea. Mimi nilikuja na mukimo kutoka nyumbani, Mama Sarah akaja na ugali wa wimbi na mboga, tukaketi katikati ya vile vitanda viwili tukiwalisha.

Mwanzoni waliongea mambo ya heshima tu: mvua imekuwaje Moiben, ng'ombe wa maziwa wanastahimili vipi, biashara ya duka ni ngumu kiasi gani. Kesho yake asubuhi ndipo baba alipouliza habari ya jina.

Mzee Wilson alisema hata kwao watu wanamshangaa. "Hii jina si ya Kikalenjin," alisema. "Babangu alizaliwa Kimutai. Hii ingine alipewa na Makaburu." Akaeleza kwamba gari la Kaburu lilivutwa na maksai wengi wakiwa wamefungwa wawili wawili. Kaburu aliketi juu na kiboko kirefu, na mbele kabisa alitembea kijana ameshika kamba ya ngozi, akiwaongoza maksai wa kwanza wasiiache njia. Kwa lugha ya Makaburu kijana huyo aliitwa kwa jina la kazi yake, na Kaburu alilipaza kutwa nzima kutoka kule juu: toulaya, toulaya. Waafrika wakalisikia Toleya.

Baba akaanza kucheka, kicheko cha chinichini kilichotikisa kitanda, mpaka Hellen akaja kumwambia ataliharibu jicho. Alikuwa ameishi na jina lile toka azaliwe, ameliandika juu ya mlango wa duka kwa rangi nyekundu, na leo ndiyo ameambiwa maana yake. Lakini kicheko kilipokwisha niliona amepoa. Jioni aliniambia kwa Kikuyu kwamba alikuwa ametumaini kidogo. Alidhani labda amepata ndugu. Kumbe ni jina la kazi tu, na watu wawili wakiitwa Mpishi hilo haliwafanyi kuwa wa ukoo mmoja.

Nadhani hata Mzee Wilson alihisi kule kupoa, kwa sababu siku iliyofuata ni yeye aliyeanza. Alisema ana deni la shukrani kwa Wakikuyu, na kwa vile amelazwa kando ya mmoja wao, afadhali aseme. Babake, yule Kimutai, alishikwa na kichomi njiani akiongoza maksai. Kaburu alikuwa na mzigo wa watu na hakutaka kuchelewa, akaamuru mgonjwa aachwe kando ya njia afunikwe gunia. Kijana mmoja Mkikuyu, naye mwongoza maksai, akaitupa kamba aliyokuwa ameishika. Alimbeba Kimutai mgongoni mpaka kwao. Kazi yake ikaishia hapo.

"Kama si huyo kijana, mimi singekuwa hapa kufungwa macho," Mzee Wilson alisema. "Sisi ndio wa kushukuru."

Baba aliinuka kwenye mto ingawa alikuwa amekatazwa. Akamwambia kwa upole kwamba hadithi yake imepinduka. Yeye pia alikuwa na habari ya kijana Mkikuyu na kijana Mkalenjini kwenye magari ya Makaburu, lakini aliyeokolewa ni Mkikuyu, na aliyeokoa ni Mkalenjini. Akasimulia ya matope na gurudumu na kofia. "Kwa hivyo ni nyinyi mlitutendea sisi," akamaliza. "Sisi ndio wa kushukuru."

Mzee Wilson alisema babake hakuwa mwongo. Baba akasema wake pia hakuwa. Kila mmoja alimtaka mwenzake akubali kwamba ni baba wa huyo mwenzake aliyetenda wema, na hakuna aliyekubali. Nimewaona watu wengi wakibishana dukani kwetu, nani amemkosea nani, nani alianza. Sijawahi kuona wazee wawili wakibishana kutwa nzima, wamefungwa macho, kila mmoja akiikataa sifa na kuisukumia upande wa pili. Mwishowe mgonjwa wa kitanda cha tatu, mwalimu mmoja aliyeitwa Nicholas, aliwaomba wakubaliane kwamba wote wawili waliokolewa, ili naye apate kulala.

Bandeji zilipofunguliwa, daktari aliwaambia watazame kwanza vidole vyake, kisha dirisha. Baba alivitazama vidole, akaliacha dirisha, akageukia kitanda cha pili. Walitazamana hivyo, kila mmoja kwa jicho moja jekundu lililojaa maji. Baba akamwambia kwamba sauti yake ilikuwa ya mtu mnene. Mzee Wilson akajibu kwamba hata yeye alidhani anaongea na mtu mweusi zaidi.

Waliporudi makwao, baba hakutulia. Kila alipokaa nyuma ya kaunta alirudia swali moja. Vijana wa kuongoza maksai walikuwa wengi, kila gari na wake, na magari yalikuwa mengi barabara nzima. Wajukuu wao wako wapi? Kama ni jina la kazi, mbona hakuna Toleya kila mahali?

Nikaona nimsaidie. Lori za mahindi zilikuwa zikisimama karibu na duka letu madereva wakinunua sigara na mkate, na mmoja wao, Nyongesa, alipita toka Kitale hadi Nakuru kila wiki. Nilimwomba aulizie jina letu popote anaposimama. Baba naye alituma neno Molo kwa baba mdogo Thuo, na Mzee Wilson akauliza sokoni Moiben na kwa watu wake wa Kapsabet. Safari moja Nyongesa alirudi anatabasamu, akasema ameona Tolea imeandikwa kubwa kwenye ukuta huko Turbo. Kumbe ilikuwa hoteli iliyoitwa Tolea Sifa, na mvua ilikuwa imelifuta neno la pili. Safari nyingine alipata Tolea wa kweli huko Kitale, seremala, akaongea naye vizuri. Mzee Wilson alipoambiwa akauliza kama seremala huyo amekatika kidole, akajibiwa ndiyo, akasema ni mtoto wa kakake.

Basi hesabu ikawa hiyo. Toleya walikuwa Munyaka, na Molo, na Moiben, na nyumba moja Kitale, na kila uzi ulirudi kwa mmoja kati ya wale vijana wawili. Kwingine kote, hakuna.

Ni Mama Sarah aliyemkumbuka Kogo Tapkigen; kogo kwa Kikalenjin ni nyanya. Huyu alikuwa shangazi wa Mzee Wilson, mdogo wa mwisho wa Kimutai, bibi kizee aliyekaa na mjukuu wake upande wa Chepkoilel. Nilishangaa kwamba miaka yote hiyo Mzee Wilson hakuwahi kumuuliza. Alisema aliijua hadithi tayari, na mtu haulizi habari anayodhani anayo.

Tulikwenda sisi wanne siku ya Jumamosi, baba amevaa suti yake ya kanisani. Tulimkuta Kogo jikoni, amepakata kibuyu cha maziwa, akikisugua ndani kwa kijiti kilichoungua. Masikio yake yalikuwa mazito, na Kiswahili hakukijua zaidi ya salamu. Mzee Wilson aliinama karibu na sikio lake akamwambia kwamba huyu mgeni anaitwa Toreya, ametoka Munyaka. Hakusema zaidi.

Kogo alikiweka kibuyu chini. Alimtazama baba toka viatu hadi paji la uso, kisha akauliza neno moja, na neno lile sote tulilisikia bila kutafsiriwa.

"Kiarie?"

Hakuna aliyekuwa amemtajia jina hilo. Baba alivua kofia, akatikisa kichwa kukubali.

Kogo akatuketisha, na kabla ya kusema lolote akataka tule, kisha akaelezwa ubishi wa wazee na hadithi zote mbili. Alipoanza kusimulia, Mzee Wilson alitafsiri kidogo kidogo, na mara nyingine alisahau kutafsiri kwa sababu naye alikuwa akisikia kwa mara ya kwanza.

Kogo alisema yote mawili yalitokea, na katika masika yale yale. Kwanza yalikuwa matope, barabara ya kutoka Londiani, ambapo kakake alimvuta Mkikuyu kutoka mbele ya gurudumu. Kabla ya hapo vijana hawa hata hawakupendana. Walikuwa wa magari mawili ya Kaburu mmoja, na kila mmoja alidhani maksai wa mwenzake wanapata majani mazuri zaidi. Toka siku ya matope wakawa wanalala chini ya gari moja. Kisha kikaja kichomi, na sasa ikawa zamu ya Kiarie. Kogo alikuwa msichana mdogo siku hiyo. Alikuwa akikusanya kuni alipomwona mtu mgeni akija amejikunja, miguu ya kakake ikining'inia pande zote mbili za kiuno chake, na alikimbia kumwita mama akidhani kakake amekufa.

Kiarie alikaa nao mpaka Kimutai akaweza kusimama. Hakukuwa na kazi ya kurudia. Alipasua kuni mpaka uwanja ukajaa na baba yao akamwomba aache. Maziwa ya kibuyu alipopewa mara ya kwanza aliyatema nyuma ya nyumba, akidhani hakuna anayemwona, na mama yao akacheka mpaka akakaa chini. Alipokuwa akiondoka alikuwa akimaliza kibuyu peke yake.

Siku ya kuagana vijana wale wawili walibishana. Kogo alitabasamu alipofika hapo, akasema walibishana vibaya mno, mama yao akatoka kuwatazama. Kimutai alisema hawezi kumlipa Kiarie. Kiarie akasema yeye ndiye asiyeweza kumlipa Kimutai. Mwisho wakaona hawatamaliza, wakakata shauri mbele ya wazazi. Mzee Wilson alitafsiri maneno yale polepole, akiyatazama mapaja yake.

"Kila mmoja atawaambia watoto wake alichotendewa. Alichotenda yeye, asikitaje."

Nilimtazama baba. Alikuwa amefunga macho, lile lenye ukungu na lile lililopasuliwa. Ndiyo maana sisi tulikuwa na matope peke yake, na wao walikuwa na kichomi peke yake. Hakuna hadithi iliyopinduka. Kila mmoja wa wale vijana alikuwa ameshika nusu yake, na akaishika vizuri, mpaka kaburini.

Kisha baba aliuliza habari ya jina. Kogo akasema vijana wote wa kamba waliitwa hivyo, na hakuna aliyelipenda. Nani atapenda kubaki na jina aliloitwa na mtu mwenye kiboko? Walipoacha kazi walilitupa, wakarudia majina waliyopewa na mama zao. Hawa wawili walilishika kwa makusudi. Mmoja alikuwa anakwenda upande wa Molo na mwingine anabaki, na hawakujua kama wataonana tena, kwa hiyo walisema wawape wana wao jina hilo ambalo Mkikuyu hana na Mkalenjini hana, ili wana hao wakikutana popote wajuane.

Mimi nimesimulia nusu zote mbili kwa sababu nilizisikia kutoka kwa Kogo, na Kogo hakuwekeana ahadi na mtu.

Kiarie hakurudi. Kogo alisema mama yao alimuulizia miaka mingi, kila alipoona Mkikuyu akipita, na hakuna aliyemjua. Baba akamwambia kwamba alikufa Molo, kijana bado, kwa homa, na kwamba mpaka siku yake ya mwisho alikuwa akimtaja kijana aliyemvuta. Kogo akasema kitu kwa sauti ndogo ambacho Mzee Wilson alitafsiri kuwa sasa mama yake amejibiwa.

Aliinuka kwa shida, akatoa kibuyu kingine kilichokuwa kimening'inizwa, akammiminia baba kikombe. Babangu hakuwa mtu wa maziwa ya kibuyu. Nyumbani hata mtindi hakuuonja. Alikipokea kile kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, na alipokishusha alikuwa na masizi meusi kwenye masharubu. Kogo alimtazama kwa makini kuona kama atatoka kwenda nyuma ya nyumba.

"Mama, asante kwa kumtunza babangu," baba alisema.

Kogo hakungoja Mzee Wilson amfasirie. Alimshika baba mkono, akaugeuza, akautazama ule upande wa ndani, kama anatafuta alama ya kamba.

Krismasi ya mwaka ule tulikwenda Moiben sote. Baba mdogo Thuo alikuja kutoka Molo na watoto na wajukuu, yule seremala akaja na watu wake kutoka Kitale, na mahindi yalikuwa yameshavunwa. Mama Sarah akiita Toleya aje amshikie sufuria, uwanja mzima ulikuwa ukigeuka. Baba na Mzee Wilson walisimamishwa waongee na watoto, na watu walidhani sasa watasimulia hadithi nzima. Hawakufanya hivyo. Mzee Wilson alisimulia kichomi, akaketi. Baba alisimulia matope, akaketi. Walifuata yale makubaliano waliyoyasikia jikoni kwa Kogo, na watoto wakaachwa waziunganishe hadithi wenyewe, nao waliziunganisha kabla chai haijapoa. Siku ile nilimtazama baba akila na kucheka na watu ambao mwaka mmoja nyuma angepita nao sokoni bila kugeuza shingo. Tulikuwa tumeishi Munyaka toka nikiwa mtoto. Huenda hata tuliwahi kumuuzia Mzee Wilson kiberiti.

Mkwe wa Mzee Wilson alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa pili. Walimwita Kiarie. Kiarie Tolea, wa Moiben, Mkalenjini mtupu. Baba alisema anawahurumia makarani watakaokuja kumwandikia kitambulisho, na alirudia maneno hayo kwa kila aliyeingia dukani, pamoja na wale ambao hawakuuliza.

Mvua ilipokaribia, wazee wawili walisema wanataka kuiona ile njia. Mwana wa Mzee Wilson alikuwa na pikapu, akatubeba, mimi nikaenda kwa sababu baba hakuniacha nibaki. Tulipita Burnt Forest tukafika karibu na Timboroa, mahali kwenye baridi, ukungu umekaa juu ya mashamba ya viazi na pareto. Barabara ya zamani haikuwepo tena. Tulimwuliza mama mmoja aliyekuwa akichimba viazi kama anajua magari ya ng'ombe yalipandia wapi. Alisema yeye ni wa juzi tu, lakini pale chini penye mteremko huwa anachimbua vipande vya chuma.

Baba aliona ni pale pale babake alipoteleza. Mzee Wilson akasema haiwezekani, kwa maana Kogo alisema gari lilikuwa linashuka na mto uko kushoto, na hapa mto uko kulia. Akaonyesha kilima cha pili, ng'ambo ya bonde. Baba akamkumbusha kwamba habari ya matope si yake kuisimulia. Mzee Wilson alikubali kwamba si yake, ila kilima chenyewe ni kile pale. Yule mama aliegemea jembe lake akiwasikiliza, akatuuliza mimi na dereva kama hawa ni ndugu. Dereva akamjibu ndiyo, baba zao waliwaachia jina moja.

Hawakukubaliana. Kwa hiyo walisimama kwenye mteremko wa kwanza, wakavua kofia, wakamshukuru Mungu, kila mmoja kwa lugha yake. Kisha wakashikana mikono kwa sababu ya utelezi, wakavuka bonde taratibu, wakashukuru na kwenye kile cha pili. Tulipokuwa tukiondoka yule mama alitujazia viazi nyuma ya pikapu, akakataa kulipwa, akauliza tu tunaitwa akina nani ili tukipita tena awakumbuke wageni wake. Baba na Mzee Wilson walimjibu kwa pamoja.